Nani Anamchorea Mtoto wa Nyarusange?

Mtoto wa darasa la kwanza huko Nyarusange, katika milima ya Gitega nchini Burundi, hufungua kitabu na kukisoma chote kabla hajaijua hata herufi moja. Anaona mbuzi amekata kamba, anaona bibi kajishika kiuno, anaona mvua inakuja nyuma ya mlima, na tayari hadithi anayo. Maneno ya Kirundi yaliyo chini ya picha atayafikia baadaye, kidole chake kikikifuata cha mwalimu. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza katika maisha ya mtoto huyu ni mchoraji. Ukikigeuza kitabu hichohicho kumtafuta mtu huyo, mara nyingi utamkuta ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, chini ya jina la mchapishaji, la mfadhili na la kiwanda kilichochapa. Pengine hutamkuta kabisa.

Nani anamchorea mtoto huyu, na mtu huyo anaishije? Jibu langu nalitoa mapema. Afrika Mashariki haina upungufu wa mikono inayojua kuchora. Ina upungufu wa utaratibu unaomwezesha mchoraji, akishamaliza kitabu cha kwanza, kuchora cha pili, cha tano na cha kumi, mpaka ajue kazi yake kwa undani. Na katika nchi yenye soko dogo la vitabu kama Burundi, upungufu huo ndio unaoamua mtoto ataona nini ukurasani.

Wengi hudhani mchoraji wa kitabu cha watoto huletewa hadithi iliyokamilika akaipamba. Kazi yenyewe huanza kwa hesabu. Karatasi kubwa inayopita mtamboni, ikichapwa pande mbili na kukunjwa, hutoa kurasa 8 au 16. Ndiyo maana vitabu vya picha huwa na kurasa 16, 24 au 32, na si 19 au 27. Toa ukurasa wa jina na ule wa haki za mchapishaji. Kinachobaki ndicho uwanja wa mchoraji. Humo anaigawa hadithi kwa vipicha vidogo vya penseli, kila kimoja kadiri ya stempu, akijiuliza swali lilelile kila mara: mtoto akiwa kwenye ukurasa huu, kitu gani kitamfanya atake kufunua unaofuata? Chui akionekana mzima upande wa kulia, mshangao umekwisha kabla ya kufunua. Ukionekana mkia peke yake, mkono mdogo utaharakisha.

Kisha huja kumfahamu mhusika. Mchoraji humchora msichana yuleyule akiwa mbele, ubavuni, kisogoni, akicheka, akinuna, akikimbia na ndoo kichwani, mpaka mwili wa msichana huyo uingie mkononi mwake. Kitenge cha mama kikiwa na ndege wa manjano ukurasa wa tatu, lazima kiwe na ndege haohao ukurasa wa kumi na nne. Pembe ya ng'ombe iliyovunjika upande wa kushoto haiwezi kuhamia kulia. Watu wazima hawaoni makosa hayo. Watoto huyaona siku ya kwanza, na imani yao kwa kitabu hupungua.

Lakini kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kujua picha iseme nini ambacho maneno hayasemi. Maneno yakisema msichana alikwenda sokoni peke yake, mchoraji hodari anaweza kumchora mdogo wake akimfuata kwa kujificha nyuma ya migomba, ukurasa baada ya ukurasa, bila hata neno moja kumtaja. Mtoto asiyejua kusoma anakuwa na siri ambayo mwalimu anayesoma kwa sauti bado hajaigundua. Hapo ndipo kitabu cha picha kinapotofautiana na kitabu kilichotiwa picha. Vitabu vingi vinavyofika shuleni kwetu ni vya aina ya pili: maneno yanasema mbuzi, picha inarudia mbuzi. Sababu si uvivu wa mchoraji. Aliletewa orodha ya picha zinazotakiwa, sentensi moja kwa kila picha, pamoja na tarehe ya mwisho, na hakuonyeshwa mwandishi wala hakuulizwa neno.

Kuna pia jambo la ngozi, ambalo nashangaa halizungumzwi zaidi. Mitambo ya uchapaji huchanganya rangi nne: buluu, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi. Kahawia ya ngozi zetu hutokana na mchanganyiko wa hizo zote, na ni rangi ngumu kuituliza kwenye karatasi hafifu, kwa sababu wino mwingi ukirundikana mahali pamoja hutapakaa. Uso uliotoka mezani kwa mchoraji ukiwa na mashavu, kope na tabasamu hufika darasani umekuwa kiraka cheusi chenye macho. Enzi za vitabu vya rangi moja hali ilikuwa mbaya zaidi, maana ngozi ilionyeshwa kwa mistari ya wino iliyopishana, na mistari ikikaribiana sana uso ulizama. Wachoraji waliokomaa wana ujanja wao: wanaacha mwanga mpana kwenye paji la uso na mgongo wa pua, wanaweka nyuma ya kichwa rangi nyepesi, wanatumia zambarau badala ya nyeusi penye kivuli. Haya hujifunzwa kwa kuona kitabu chako mwenyewe kimeharibika na kupewa nafasi ya kufanya kingine.

Aliyelipigania jambo hili kwa maisha yake ni Tom Feelings, Mmarekani mweusi aliyeishi Ghana katika miaka ya 1960. Pamoja na Muriel Feelings, mkewe wa wakati huo, ambaye alikuwa amefundisha Uganda, alitoa Moja Means One mwaka 1971 na Jambo Means Hello mwaka 1974, kimoja cha kuhesabu na kimoja cha alfabeti, vyote vikisimama juu ya maneno ya Kiswahili. Vitabu hivyo viliingia katika orodha ya heshima ya Caldecott, tuzo kubwa ya michoro ya vitabu vya watoto Marekani. Nyuso nyeusi zinang'aa humo bila msaada wa rangi nyingi. Hata hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa Marekani waliotaka kuijua Afrika ya wazee wao. Handa's Surprise ya Eileen Browne, iliyotoka Uingereza mwaka 1994, inamwonyesha msichana wa Kijaluo na kikapu cha matunda kichwani, na watoto wa Kiingereza wamekua nayo. Sina ugomvi na vitabu hivi, na navipenda. Ila vinaonyesha tabia moja ya muda mrefu: picha nzuri za kwetu zimechorwa ili mtoto wa mbali atutazame, na mara chache ili mtoto wa hapa ajitazame.

Kwa miaka mingi hali hiyo ilikuwa na kisingizio cha kitaalamu. Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Aliwaonyesha watu mchoro wa mwindaji, swala, na tembo mdogo aliyekaa mbali juu ya kilima, akawauliza mwindaji anamlenga nani. Waliosema tembo walihesabiwa kuwa hawaoni kina cha picha. Kutokana na hapo ikaenea dhana kwamba Mwafrika wa kijijini hasomi picha mpaka afundishwe, na vitabu vikachorwa kwa watu wasio na mandhari, wasio na vivuli, wamesimama katikati ya weupe. Watafiti waliofuata waliikosoa michoro yenyewe, kwa kuwa ilikuwa na dalili chache mno za umbali. Ukweli mmoja hata hivyo unabaki: picha ina kanuni zake, na kanuni hujifunzwa. Mtoto anayekutana na kitabu kwa mara ya kwanza anaweza kudhani msichana aliyechorwa mara mbili ni wasichana wawili. Watoto wa London nao walijifunza hilo, ila wao walijifunzia kwenye mapaja ya mama zao, kwa vitabu vingi, kabla ya shule. Mtoto wa Nyarusange hujifunzia kwenye kitabu kimoja kinachoshikwa na wenzake kadhaa. Mchoraji wake anahitaji kuwa hodari zaidi, si mwepesi zaidi.

Sasa tumpe mchoraji hadithi ya Nyarusange. Atakachokikosa kwanza ni kijiji. Katika milima ya Burundi nyumba kwa desturi hazikukusanyika pamoja. Kila familia ina boma lake, rugo, katikati ya migomba yake, na jirani yuko ng'ambo ya bonde. Unamwona akitoka mlangoni, lakini kumfikia ni safari ya kushuka na kupanda. Paa ni za vigae vya udongo au mabati. Mashamba yamepanda mteremko, maharage karibu na mihogo karibu na viazi, na chini kabisa ni bonde la majimaji linalolimwa wakati wa kiangazi. Hakuna mstari wa upeo ulionyooka. Mchoraji aliyejifunza kazi Dar es Salaam huanza ukurasa kwa kulaza mstari, juu mbingu, chini ardhi, kisha akasimamisha watu. Hapa mstari umeegama. Mtoto aliyetumwa maji huukata ukurasa kutoka kona hadi kona, na mwendesha baiskeli mwenye mikungu ya ndizi ama anasukuma kwa jasho au anateremka kwa kasi ya kutisha. Weka mgunga mmoja wenye kichwa bapa mbele ya jua linalozama, na mtoto wa Nyarusange atajua papo hapo kwamba hadithi hii si ya kwao.

Hatari nyingine ni ngoma. Ukimwambia mchoraji wa mbali achore Burundi, atachora wapiga ngoma. Sababu zipo: ngoma za kifalme zilikuwa moyo wa utawala wa mwami, patakatifu pa Gishora pako karibu na mji wa Gitega, na UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Lakini ngoma hizo hazipigwi kila siku nyuma ya nyumba, na amri ya rais ya Oktoba 2017 iliziwekea masharti ya kibali na ikakataza wanawake kuzipiga. Mchapishaji akiletewa jalada lenye msichana anayepiga ngoma, itambidi afikiri mara mbili. Mimi ningependa kuona vitabu vinavyochora yale ambayo hakuna mtalii anayeyapiga picha: kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, chungu kinachovuja, foleni ya bombani, ukungu wa asubuhi unaojaza bonde mpaka milima ikaonekana kama visiwa.

Kisha kuna viumbe ambao hawajawahi kuwa na sura. Ngano za Kirundi zilisimuliwa jioni, moto ukiwaka, na msimulizi hakuwa na haja ya kueleza Samandari ana masikio ya namna gani. Samandari, mjanja wa ngano, aliishi kwenye sauti. Padri Francis Rodegem alikusanya fasihi nyingi ya Warundi na kuichapa, Anthologie rundi ikitoka mwaka 1973, lakini yeye aliyaandika maneno; sura ilibaki kwa wasikilizaji, kila mmoja na yake. Mchoraji wa kwanza atakayempa Samandari uso unaopendwa atakuwa amefanya jambo litakalodumu vizazi, maana baada yake watoto watamwona hivyo. Igisizimwe vilevile, yaani zimwi la Warundi. Akilichora na pembe na mkia mwekundu atakuwa amelileta shetani wa vitabu vya Ulaya. Ni afadhali aende akawaulize wazee liliwatisha kwa nini: kwa ukubwa, kwa sauti, kwa njaa yake, au kwa kuwa lilifanana mno na mtu?

Sura za watu ni nzito kuliko za mazimwi. Burundi ilipitia mauaji ya mwaka 1972, kisha vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Kwa miongo mingi watu walizoeshwa kusoma kabila kwenye pua na kimo cha mtu. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, gazeti la Kangura lililoanzishwa mwaka 1990 lilitumia katuni kueneza chuki kabla ya mauaji ya kimbari. Kalamu ya mchoraji imekwisha kutumika vibaya katika eneo hili, na anayemchorea mtoto leo hana pua isiyo na historia. Wengi wamejihifadhi kwa wanyama: sungura, fisi, kobe. Ni njia ya busara, na ngano zenyewe zinaipa nafasi. Lakini mtoto asipoona kamwe mtu anayefanana naye, au anayefanana na mwenzake wa dawati, kuna jambo tumemnyima. Nadhani njia iliyo bora ni kuchora darasa lenye nyuso nyingi na tofauti kiasi kwamba hakuna awezaye kuzipanga katika mafungu mawili, au matatu. Kumpa ushujaa mtu mfupi katika kitabu hiki na mtu mrefu katika kile. Kutomwacha mtoto wa jamii ya Watwa awe wa kubeba chungu tu. Hili haliwezi kuandikwa kwenye maelekezo ya oda. Linataka mtu aliyeishi mahali hapo na aliyepewa muda.

Agnès Gyr-Ukunda alilielewa. Mwaka 1995, Rwanda ikiwa bado majivu, alianzisha Editions Bakame mjini Kigali kuchapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda, na akaipa jina la sungura wa ngano. Nyumba hiyo ililea wachoraji pamoja na waandishi, na baadaye ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi ya kukuza usomaji. Burundi haijapata nyumba ya kulinganishwa nayo kwa umri na kwa wingi wa vitabu. Vitabu vya shule hupitia serikalini, vitabu vya dini makanisani, na vingi vilivyobaki huja kwa Kifaransa kutoka nje. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipoanza kupeleka maktaba zake za kuhamishika, lilianzia kambi za wakimbizi wa Kongo zilizoko Burundi; mtoto alipata kitabu kizuri, na mchoraji wake alikuwa mbali.

Je, inawezekana kuishi kwa kazi hii? Tazama waliofanikiwa. John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, alikwenda Dar es Salaam akajiunga na wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyechora kwa rangi za kung'aa juu ya mbao laini mpaka kifo chake mwaka 1972. Wengi katika mtindo huo huuza picha moja moja kwa wageni. Kilaka alikwenda vijijini kukusanya hadithi, akawavika wanyama mashati na vitenge, akatunga vitabu. Frische Fische, kisa cha sokwe anayepeleka samaki sokoni na mbwa anayemwibia, kilitoka Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001, kisha kikaja cha Kiingereza kutoka Canada. Dominique Mwankumi, Mkongo aliyezaliwa mwaka 1965 na kusomea Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, amewachora kwa rangi za maji watoto wa mto na watoto wa mitaani. La Pêche à la marmite ya mwaka 1998 ilichapwa Paris na L'École des loisirs. Alianzisha pia Illusafrica, chama cha kuwakutanisha na kuwafunza wachoraji wa Afrika. Wote wawili wamechora kwao kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo haukuwazuia kusafiri, ndio uliowasafirisha. Lakini wote wawili walijengwa na wachapishaji wa Ulaya, wenye maduka ya vitabu na wazazi wanaonunua.

Waliobaki nyumbani waliishi kwa kuchanganya. Nairobi, Terry Hirst na Frank Odoi waliingiza ngano na visa vya mashujaa katika mfululizo wa Pichadithi miaka ya 1980, huku riziki yao ikitegemea pia katuni za magazeti. Dar es Salaam, gazeti la Sani lililea kizazi kizima cha wachora katuni, Philip Ndunguru akiwa nyota yao mpaka alipofariki mwaka 1986. Mchoraji wa leo huandika mabango ya maduka, hutengeneza vibonzo vya mitandaoni, huchora mabango ya chandarua na chanjo kwa mashirika. Na lazima niseme wazi, mkono wa bango huingia kitabuni. Watu wote wanatazama mbele, wote wanatabasamu, mmoja ameinua kidole anafundisha. Mtoto huitambua picha ya namna hiyo. Amekwisha kuiona zahanati.

Kiini cha yote ni mnunuzi. Vitabu vya watoto katika nchi zetu havinunuliwi na wazazi kwa wingi wa kutosha kumlisha mtu. Hununuliwa na serikali au mfadhili, kwa mkupuo. Tanzania iliona nguvu ya mnunuzi mwema kuanzia mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza, ukisaidiwa na shirika la CODE la Canada. Uliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shule za vijijini, na uliendesha mafunzo ya waandishi na wachoraji. Kwa kuwa soko lilikuwa na uhakika, mchapishaji alithubutu kulipia picha za rangi. Kisha ukaonekana udhaifu wa kumtegemea mnunuzi mmoja. Mwaka 2013 serikali iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, na wachapishaji binafsi wakapoteza mapato yaliyokuwa yakibeba vitabu vyao vya hadithi. Miradi ya usomaji iliyogharimiwa na Marekani, Tusome nchini Kenya, Soma Umenye nchini Rwanda, Tusome Pamoja nchini Tanzania, ilileta oda kubwa na wachoraji wengi wakapata kazi. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la USAID, na mlango huo ukafungwa pia.

Mchoraji huathirika kuliko wote kwa sababu ya namna anavyolipwa. Mwandishi mara nyingi hupewa mrabaha, asilimia fulani kwa kila nakala inayouzwa. Mchoraji hulipwa mara moja, akasaini karatasi, akaaga. Kitabu kikichapwa tena mara tano, kikitafsiriwa, kikifanywa katuni ya televisheni, yeye hahusiki. Sheria haimlazimishi akubali hivyo. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya tarehe 30 Desemba 2005, ina ofisi ya hakimiliki, na ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 2016. Chini ya sheria hiyo mchoraji ni mtunzi kamili wa michoro yake. Kinachomfanya asaini ni kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi.

Leseni huria nazo zimeleta swali gumu. African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014 ukijaribiwa pia Kenya na Uganda, huruhusu yeyote kuchukua hadithi na picha zake, kuzitafsiri na kuzichapa. Book Dash, iliyoanza mwaka huohuo, humkutanisha mwandishi, mchoraji na msanifu wakatoa kitabu kwa siku moja, kwa kujitolea. Kwa mwalimu wa Nyarusange hii ni neema: anaweza kutafsiri kwa Kirundi na kutoa nakala bila kuomba ruhusa. Naiunga mkono kwa sharti moja. Picha itakayokuwa mali ya wote milele ilipiwe mwanzoni kwa bei inayozingatia hilo. Kujitolea ni kuzuri kwa aliye na mshahara kwingine.

Kuna njia ambayo Burundi ingeweza kuitumia zaidi, nayo imo katika ufundi wenyewe wa uchapaji. Maneno yakichapwa kwa nyeusi tupu, kubadilisha lugha ya kitabu ni kubadilisha bamba moja la mtamboni. Mabamba ya rangi nyingine tatu hubaki yalivyo. Wachapishaji wa Ulaya huchapa hivyo kitabu kimoja kwa lugha kadhaa kwa pamoja, na gharama ya rangi, iliyo kubwa kuliko zote, hugawanywa. Kirundi na Kinyarwanda vinakaribiana kiasi cha wasemaji kuelewana. Muyinga, mpakani na Tanzania, Kiswahili husikika sokoni kila siku, na Kiswahili kimo katika masomo ya shule za msingi za Burundi tangu karibu na wakati nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kitabu kimoja kilichochorwa Nyarusange kingeweza kutoka kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa katika mzunguko mmoja wa mtambo, nakala zikawa nyingi, bei ikashuka, na mchoraji akalipwa mrabaha katika kila lugha. Wengine watasema basi picha zilegezwe zifae kila mahali: nyumba isiyo ya vigae wala makuti, mlima usio mrefu sana. Hapana. Mtoto wa Tanga anaweza kuitazama milima ya Gitega kama mtoto wa Gitega anavyoitazama bahari. Kilaka hakulegeza kitu.

Sasa zimekuja programu zinazotoa picha kwa dakika moja ukiandika sentensi, na wachapishaji wenye bajeti ndogo wanavutwa nazo. Naelewa kwa nini. Lakini programu hujifunza kutoka katika picha zilizokwisha kuwapo kwa wingi, na picha za Nyarusange hazijawahi kuwapo kwa wingi. Omba kijiji cha Afrika, utapewa vumbi jekundu, mgunga na jua. Pembe ya ng'ombe itahama kutoka ukurasa hadi ukurasa, na hakuna mtu wa kuulizwa pua ile ilichorwa vile kwa nini. Fedha inayookolewa ni ileile ndogo iliyokuwa imlipe kijana mmoja miezi michache ya kujifunza.

Mabadiliko ninayoyaona yako ndani ya uwezo hayahitaji mkutano wa kimataifa. Jina la mchoraji likae kwenye jalada, sawa na la mwandishi, kama wizara inavyoweza kuamuru katika kila oda yake. Mkataba utaje mrabaha, au utaje muda wa haki alizouza, miaka mitano kwa mfano, na lugha alizoziuzia. Mchoraji akae na mwandishi kabla ya rasimu ya mwisho, na apelekwe darasani na vipicha vyake vya penseli, watoto wamwonyeshe wamemwelewa wapi na wamempotea wapi. Kiwanda kimtumie karatasi ya majaribio aone nyuso zilivyotoka kabla nakala zote hazijachapwa. Katika mji wa Gitega iko shule ya ufundi wa sanaa inayotoa vijana wanaojua penseli, udongo na brashi, na Nyarusange haiko mbali na hapo. Kati ya hao vijana na darasa hilo la kwanza anahitajika mtu mmoja wa kuagiza kitabu, akalipia na cha pili.